Mpigaji hodari asipewe namba ya kubahatisha

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Usemi huo hutajwa kila panapozungumzwa malezi ya vijana, lakini mara nyingi husemwa nusu. Watu hukumbuka kukunja, wakasahau kuuliza samaki huyo akunjwe kuelekea wapi. Katika michezo ya shule zetu swali hilo la pili ndilo linaloamua hatima ya kijana. Kipaji chake huonekana na kila apitaye njia. Lakini mahali atakapokitumia kipaji hicho kwa miaka kumi au kumi na mitano ijayo hapaonekani mpaka awepo mtu mzima aliyekaa chini akapafikiri.

Ichukuliwe kwa mfano shule moja ya Kagondo, iwe Kagondo ya Manispaa ya Bukoba au Kagondo ya Wilaya ya Muleba. Ni jioni, masomo yamekwisha. Watoto wana mpira uliofungwa kwa majani makavu ya migomba, na kipande cha mti kilichochongwa kikawa rungu la kupigia. Mmoja wao, mtoto wa miaka 13, anaupiga mpira huo kila unaporushwa, tena anaupiga kwa nguvu na kuupeleka anakotaka. Wenzake wanashangilia. Mwalimu wa zamu anasimama kutazama, na akiwa mwalimu makini anajiuliza: mtoto huyu, timu yake inapomaliza kupiga na kuingia kulinda, asimame wapi?

Mfano huo ni wa kubuni, lakini swali lenyewe ni la kweli. Walimu wa mchezo wa besiboli katika nchi zote unakochezwa hulikabili kila mwaka, na wengi wao hulijibu vibaya. Hapana budi walimu na watumishi wetu walitazame mapema, maana jibu lake linahusu mambo mengi zaidi ya besiboli.

MCHEZO UMEKWISHA FIKA

Besiboli haina asili yake Kagondo, na hadi leo soka ndiyo inayotawala viwanja vya Kagera, kuanzia vya vijijini hadi Kaitaba mjini Bukoba. Hata hivyo mchezo huu si mgeni tena katika Tanzania. Mwanzoni mwa muongo wa 2010, kwa juhudi za Mjapani Shinya Tomonari na za walimu wa Kitanzania waliokubali kujifunza jambo jipya, besiboli ilianza kuchezwa katika shule za sekondari. Mwaka 2018 ulifunguliwa uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, kwa msaada wa Japani. Mashindano yake ya shule yamepewa jina la Koshien, ambalo ni jina la uwanja uliojengwa huko Japani mwaka 1924, ambako timu za sekondari za nchi hiyo hushindana mbele ya taifa zima.

Kwa mwananchi wa Kagondo, hata hivyo, Dar es Salaam ni mbali, zaidi ya kilomita 1,000. Kampala iko karibu zaidi. Na ng'ambo ya Mutukula majirani zetu wa Uganda wametangulia. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, mji ulio kwenye barabara ya kutoka Kampala kwenda Jinja, walikuwa timu ya kwanza ya Kiafrika kucheza mashindano ya dunia ya Ligi Ndogo huko Williamsport, Marekani, na katika safari hiyo wakaifunga timu ya jimbo la Oregon 3-2. Tangu hapo vijana kadhaa wa Uganda wamesajiliwa na klabu kubwa za Marekani, zikiwamo Los Angeles Dodgers na Pittsburgh Pirates. Kwa hiyo anayedhani kwamba habari hizi haziwezi kufika katika viwanja vya Kagera angalie ramani.

NAMBA TISA, KAZI MBILI

Ili hoja ieleweke ni lazima mchezo uelezwe kwa ufupi. Timu inayolinda huwa na wachezaji tisa uwanjani, na kila mahali pana namba yake, kama wapenzi wa soka walivyozoea. Namba 1 ni mrushaji, ambaye husimama katikati na kumrushia mpigaji mpira. Namba 2 ni mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Namba 3, 4 na 5 hulinda kituo cha kwanza, cha pili na cha tatu. Namba 6 husimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali panapopitiwa na mipira mingi ya chini. Namba 7, 8 na 9 hulinda uwanja wa nje: kushoto, katikati na kulia. Timu moja ikipiga nyingine hulinda, kisha hubadilishana.

Hapo ndipo lilipo tatizo la mpigaji hodari. Katika mchezo mzima huenda akaingia kupiga mara nne au tano tu. Muda mwingine wote yuko uwanjani, glavu mkononi, akiwajibika kwa eneo lake. Akiwa mzembe katika eneo hilo, mikimbio anayoiletea timu kwa rungu lake anaipoteza kwa glavu yake. Ni kama mtumishi anayeandika taarifa nzuri ajabu lakini hajui kuhudumia wananchi waliopanga foleni dirishani pake.

Ni kweli upo mlango wa pembeni. Tangu mwaka 1973 ligi moja kati ya ligi mbili kubwa za Marekani iliruhusu timu kuwa na mpigaji maalumu asiyelinda, ambaye hupiga badala ya mrushaji. Na mwaka 2022 utaratibu huo ukakubaliwa moja kwa moja na ligi ya pili. Wako mabingwa waliojipatia heshima kwa njia hiyo, kama David Ortiz aliyeingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo mwaka 2022. Lakini nafasi ya namna hiyo ni moja tu katika kila timu, na aghalabu hupewa mtu mzima aliyekwisha kuthibitika. Kumwandaa mtoto wa miaka 13 kwa nafasi hiyo ni sawa na kumwajiri kijana leo na kumkabidhi papo hapo barua ya kustaafu.

Namba hizo tisa pia hazilingani kwa ugumu. Ukimwacha mrushaji, ambaye kazi yake ni ya aina ya pekee, namba zilizobaki zimepangika kama ngazi. Juu kabisa wapo mdakaji wa namba 2, mlinzi wa namba 6 na mlinzi wa uwanja wa katikati, namba 8. Hao huhitaji wepesi, mkono wenye nguvu na akili inayofanya kazi haraka. Chini ya ngazi zipo namba 3 na namba 7, ambazo mtu mzito au mwenye mkono dhaifu anaweza kuzimudu. Mchezaji huishuka ngazi hii kadiri miaka inavyopita na magoti yanavyochoka. Ni nadra sana kumwona aliyeanzia chini akapanda juu.

Lakini liko jambo ambalo walimu wengi hawalioni. Namba rahisi ndizo zenye mashindano makali ya kupiga, kwa sababu wote waliozidiwa katika namba ngumu hushukia hapo. Mlinzi hodari wa namba 6 anaweza kupata ajira hata kama anapiga kwa kiasi tu. Mlinzi wa namba 3 asipokuwa mpigaji wa ajabu hana anachokidai. Kumbe kumweka mtoto namba 3 kwa kuwa ni rahisi ni kumtwisha mzigo mzito zaidi utakaomlemea akiwa na miaka 20, wakati aliyemtwisha hayupo tena kumsaidia.

Yako pia mambo ya maumbile. Mtoto anayerusha kwa mkono wa kushoto kwa kawaida hapangwi namba 4, 5 wala 6, kwa sababu kabla ya kurusha mpira kwenda kituo cha kwanza hulazimika kuugeuza mwili wake, na katika nusu ya sekunde anayoipoteza mkimbiaji huwa amefika. Mtoto huyo nafasi zake ni kurusha, kulinda kituo cha kwanza, au uwanja wa nje. Mwalimu anayelijua hilo mapema humwokolea kijana miaka mitatu ya jasho la bure.

KIKOMBE CHA JUMAMOSI

Kwa nini basi swali hili hujibiwa vibaya? Sababu kubwa ni kikombe cha Jumamosi. Mwalimu ana mchezo mwisho wa juma. Mkuu wa shule anataka ushindi, wazazi wanataka ushindi, na ofisa wa elimu akija atauliza matokeo. Kwa hiyo mpigaji hodari anawekwa popote pasipoleta hasara siku hiyo. Wiki hii namba 7, wiki ijayo namba 3, na siku mrushaji akiugua anapewa namba 1. Mwisho wa miaka minne kijana amecheza kila mahali na hajajifunza mahali popote.

Uko ubaya mwingine unaofanana na huo. Mtoto mwenye kipaji mara nyingi ndiye mwenye mkono wenye nguvu kuliko wote shuleni, kwa hiyo hufanywa mrushaji au mdakaji wa kudumu kwa sababu tu hapana mwingine wa kuiziba nafasi hiyo. Anarusha kila mchezo mpaka bega linauma. Wenzetu wamelitungia sheria jambo hili: katika Ligi Ndogo, mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kurusha mipira zaidi ya 85 kwa siku moja, na baada ya kurusha mingi ni lazima apumzishwe kwa siku kadhaa. Sheria hiyo iliwekwa kwa sababu watu wazima, wakiachwa na tamaa yao ya ushindi, hawajui kukoma.

Huu ni unyonyaji, hata kama unafanywa kwa nia njema na kwa nyimbo za kushangilia. Mwenye kufaidi ni shule na mwalimu wake leo. Mwenye kulipa ni mtoto kesho. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, iliishutumu shule iliyowatazama vijana kwa kipimo cha mtihani mmoja na kuwasahau baada ya hapo. Kikombe cha Jumamosi ni mtihani wa namna hiyo hiyo, ila umevaa kaptura.

WALIVYOFANYA WENGINE

Mfano bora kuliko yote unatoka Japani, nchi ambayo besiboli yetu ya shule imejifunza kwake. Ichiro Suzuki alipokuwa sekondari alikuwa mrushaji, na kwa namba hiyo alicheza Koshien. Klabu ya Orix ilipomchukua mwishoni mwa mwaka 1991 haikumtaka kwa kurusha. Ilimtaka kwa kupiga. Ikabidi apatiwe mahali pengine pa kulinda, akapelekwa uwanja wa nje. Hata hivyo miaka yake miwili ya kwanza haikuwa ya neema. Kocha wa wakati huo, Shozo Doi, hakuipenda namna yake ya kupiga, akawa anamrudisha mara kwa mara katika timu ya akiba. Mwaka 1994 alikuja kocha mwingine, Akira Ogi, akampa Ichiro nafasi ya kila siku na kumwacha apige apendavyo. Mwaka huo huo kijana huyo alifikisha mapigo safi 210, na kuwa mchezaji wa kwanza wa Japani kuvuka 200 katika msimu mmoja.

Kipaji cha mwaka 1993 na kile cha mwaka 1994 kilikuwa kimoja. Kilichobadilika ni uamuzi wa mtu mzima mmoja. Baadaye Ichiro alikwenda Seattle mwaka 2001, na mwaka 2004 akaweka rekodi ya mapigo safi 262 katika msimu mmoja. Alilinda upande wa kulia, namba 9, ambako mkono uliozoezwa kurusha shuleni ulikuwa hazina kubwa, maana kutoka hapo mpira hurushwa mbali hadi kituo cha tatu. Mwaka 2025 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa. Alichojifunza akiwa mrushaji hakikupotea; kilipatiwa mahali pake.

Mfano wa pili ni Bryce Harper wa Marekani. Akiwa kijana alikuwa mdakaji. Klabu ya Washington ilipomchagua wa kwanza katika nchi nzima mwaka 2010, akiwa na miaka 17, ilitangaza mara moja kwamba hatadaka tena, atalinda uwanja wa nje. Kazi ya namba 2 huyala magoti, na kumwandaa mdakaji huchukua miaka mingi. Viongozi wa klabu walipima wakaona kwamba rungu la kijana huyo lingefika ligi kuu mapema zaidi na kudumu zaidi kama magoti yake yangesalimika. Alifika akiwa na miaka 19. Miaka mingi baadaye, mwaka 2023, baada ya kupasuliwa kiwiko, alishuka ngazi hadi namba 3, na hapo akawa na rungu la kutosha kuistahili.

Lakini kwa msomaji wa Afrika mfano wa tatu ndio wenye uzito. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh mwaka 2008, akapita miaka mingi katika ligi za chini, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza katika ligi kuu ya Marekani. Mara yake ya kwanza kupiga alipata pigo safi. Hata hivyo Ngoepe hakufika huko kwa sababu ya rungu. Alifika kwa glavu, kwa kuwa alikuwa mlinzi hodari wa namba 6 na namba 4. Wapigaji wazuri kuliko yeye walibaki nje ya mlango kwa sababu hawakuwa na pa kusimama. Hili lingepaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila shule inayoanzisha besiboli katika Afrika ya Mashariki.

NAMBA YA MAISHA

Mpaka hapa maneno yamekuwa ya uwanjani. Lakini kijana wa Kagondo anahitaji namba nyingine, nayo ni ngumu zaidi kuipata. Akimaliza kidato cha nne aende wapi? Uwanja uko Dar es Salaam. Glavu na marungu ya kiwandani huagizwa kutoka nje kwa bei ambayo mkulima wa kahawa na ndizi haimudu. Mwalimu aliyekiona kipaji chake huenda amehamishiwa wilaya nyingine, na aliyekuja badala yake hajui chochote kuhusu mtoto huyo, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa.

Jambo hili la kuandika linawahusu watumishi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2011, mwaka mmoja kabla ya safari ya Lugazi, timu nyingine ya watoto wa Uganda ilikuwa imeshinda na kustahili kwenda Williamsport. Haikwenda. Ubalozi wa Marekani uliwanyima viza kwa sababu nyaraka za umri wa baadhi ya watoto hazikuaminika. Watoto walikuwa wamekwisha shinda uwanjani. Walishindwa katika makaratasi. Nani angepiga mpira kwa nguvu kiasi cha kuishinda karatasi? Ofisa anayeandikisha vizazi katika wilaya, mtendaji wa kata anayesaini barua, na mwalimu mkuu anayetunza daftari la wanafunzi, wote hao wako katika timu hiyo, nao wana namba zao. Mmoja wao akifanya kazi kwa uzembe, mpira unapita katikati ya miguu yake kama unavyopita kwa mlinzi aliyelala.

HOJA ZA WAPINZANI

Watakuwapo watakaosema kwamba mazungumzo haya ni anasa. Watauliza shule zenye upungufu wa madawati zitafanya nini na mchezo wa Wamarekani na Wajapani. Hoja hiyo ni ya haki na inastahili kujibiwa. Soka nayo ililetwa na wageni, na leo hakuna anayeiita ya kigeni. Lakini jibu kubwa zaidi ni kwamba kanuni inayotetewa hapa haihitaji glavu hata moja. Mtoto hodari wa kufunga mabao anayezungushwa kutoka ulinzi hadi winga hadi golini, kwa matakwa ya kila mchezo wa UMITASHUMTA na UMISSETA, anatendewa dhuluma ile ile. Msichana wa netiboli mwenye urefu na shabaha anayewekwa katikati kwa sababu tu ana mbio, naye vivyo hivyo. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967 ili kuiendeleza michezo, na michezo haiendelezwi kwa vikombe vilivyopangwa kabatini huku waliovileta wakiwa hawajulikani walipo.

Wengine watasema kinyume chake: kwamba kumfunga mtoto mapema katika namba moja ni kumnyima uhuru, na kwamba mchezaji anayeweza kucheza popote ni lulu. Nao wana ukweli wao. Mtoto wa miaka 10 acheze kila mahali, ajue ladha ya kila kazi. Hata Albert Pujols, mmoja wa wapigaji wakubwa katika historia ya mchezo huu, katika msimu wake wa kwanza wa mwaka 2001 alicheza namba 3, 5, 7 na 9 kabla ya kutulia namba 3. Lakini ipo tofauti kati ya kuzunguka kwa mpango na kuzungushwa. Anayezunguka kwa mpango hukaa muda wa kutosha katika kila namba, hufundishwa, hupimwa, na mwisho uamuzi hutolewa. Anayezungushwa huziba pengo la leo, na kesho huulizwa mbona hajaiva.

LIFANYIKE NINI?

Mambo manne yanawezekana bila kungoja msaada kutoka popote.

Jambo la kwanza: mwalimu akimwona mpigaji hodari, amwanzishe katika namba ngumu kuliko zote ambazo mwili wake unazikubali. Mwepesi mwenye mkono imara aanzie namba 6 au 8. Akishindwa atashuka; kushuka ni rahisi. Asianzishwe chini kwa hofu ya kupoteza mchezo mmoja.

Jambo la pili: afundishwe namba mbili, ya kudumu na ya akiba, na azikae kwa msimu mzima. Namba zibadilishwe mwisho wa msimu, kwa sababu zinazoweza kuelezwa mbele ya mtoto na mzazi wake.

Jambo la tatu: kila kijana mwenye kipaji awe na daftari lake. Ndani yake iandikwe tarehe yake ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, mkono anaorushia, namba alizocheza, maumivu aliyopata na maoni ya mwalimu. Daftari hilo libaki shuleni mwalimu anapohama, na limfuate mtoto anapokwenda sekondari. Gharama yake ni ya daftari moja na dakika kumi kwa wiki.

Jambo la nne: maofisa wa elimu na wa michezo wa wilaya wapime kazi ya mwalimu kwa vijana aliowakuza na kuwafikisha hatua ya pili. Vikombe vihesabiwe baadaye. Mwalimu akijua kwamba atapimwa kwa kikombe atatafuta kikombe, na hapana haki ya kumlaumu.

Kagera iko jirani na Uganda, na barabara ya Mutukula iko wazi. Halmashauri za Bukoba na Muleba zingeweza kuzikaribisha timu za watoto kutoka upande wa pili, kwa soka kwanza na kwa besiboli baadaye, ili walimu wetu waone kwa macho wenzao walivyoanza bila chochote. Nchi hizi mbili zilipigana mwaka 1978 na 1979, na daraja la Kyaka lilivunjwa. Watoto wa leo hawana sababu ya kuvuka mpaka huo kwa jambo lingine ila mema.

Mkulima wa Kagondo anayajua haya yote bila kufundishwa na mtu. Anajua kwamba mbuni haulipi katika mwaka ule unaopandwa, na kwamba mgomba unaong'olewa na kuhamishwa kila msimu hauzai mkungu. Kabla hajachimba shimo hutazama udongo, kivuli na nafasi kati ya mche na mche. Akishapanda, hutia samadi, akangoja.

Mtoto yule wa miaka 13 bado yupo uwanjani, mpira wa majani ya migomba unarushwa, naye anaupiga. Jua linakaribia kuzama upande wa Karagwe, na wenzake wanamwita aje kulinda. Mwalimu na amwonyeshe mahali pa kusimama, na kesho amkute pale pale.